Shahada na Firimbi

Katika komini ya Dilala, ambayo pamoja na mwenziwe Manika ndiyo inayofanya mji wa Kolwezi nchini Kongo, mzazi akiambiwa na mwanawe kwamba ataka kuishi kwa michezo hujiwa na mawazo mawili tu: ama mtoto amepumbazwa na picha za wachezaji walioko Ulaya, ama amechoka na shule na anatafuta njia ya kuikimbia. Wazo la tatu, kwamba huenda kijana huyo anakusudia kusomea elimu ya viungo, au ukocha, au uamuzi, au uganguzi wa misuli na maungo, au ukatibu wa klabu, na kwamba kila moja ya kazi hizo ina darasa lake, mtihani wake, shahada yake na ujira wake, halimjii mzazi yule kwa wepesi. Wala si haki kumlaumu, maana historia ya mji wake ndiyo iliyomfundisha kwamba mpira ni starehe ya mtu mwenye kazi nyingine.

Kolwezi ilianza mwaka 1937 kuwa makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilikuwa imeazimia kuiacha desturi ya kuleta vibarua wa muda na kuwarudisha makwao, ikawapa wafanyakazi nyumba wao na wake zao na watoto wao, ikawapimia posho, ikawajengea shule na hospitali na viwanja, na ikajishughulisha hata na namna ya kupitisha Jumapili zao. Mpira uliingia katika taratibu hiyo kama ulivyoingia unga. Huko Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, watawa wa Kibenedikto wa shule ya Saint-Boniface walianzisha mwaka 1939 timu ya wanafunzi ambayo, baada ya kubadili jina mara kadha wa kadha, imekuwa Tout Puissant Mazembe. Mwaka ule ule ikazaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Na kambi za migodi, kutoka Likasi mpaka Kolwezi, zikawa na timu zao. Kijana mwenye miguu mizuri hakuajiriwa ili acheze. Aliandikwa katika daftari la kampuni kuwa fundi wa umeme au karani wa ghala, akaruhusiwa kutoka mapema siku ya mazoezi, na mwisho wa mwezi akapokea ujira wa ufundi au wa ukarani. Aliyemfundisha naye aghalabu alikuwa msimamizi wa karakana, au padre, au mwalimu wa hesabu aliyeupenda mchezo. Riziki ilipatikana kwa michezo, walakini ilipita kwenye lango la kiwanda, na mchezo wenyewe haukutajwa katika hati yoyote.

Muda mrefu hapakuonekana kasoro katika mpango huo. Mazembe, iliyokuwa ikiitwa Englebert wakati ule, ilitwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika mwaka 1967, ikalirudia mwaka 1968. Na mwaka 1974 kipa Kazadi Mwamba na beki Mwepu Ilunga wa klabu hiyo walikuwa Ujerumani ya Magharibi na timu ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, taifa la kwanza la Afrika kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Mapema mwaka huo, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Misri, Ndaye Mulamba alifunga mabao 9, idadi ambayo hakuna aliyeifikia hadi leo katika mashindano ya mara moja. Taifa liliwapokea mashujaa hao kwa shangwe na ahadi, likasahau kuwauliza watafanya kazi gani siku miguu itakapochoka. Ndaye alipigwa risasi mguuni mwaka 1994, akahamia Afrika Kusini kama mkimbizi, akaishi huko maisha ya dhiki mpaka alipofariki mwaka 2019. Mtu aliyejua kufunga mabao kuliko Mwafrika yeyote wa zama zake sijasikia kwamba alikuwa na hati hata moja ya kumruhusu kulipwa kwa kumfundisha mwingine namna ya kufunga.

Kisha kampuni yenyewe ikaanguka. Gécamines, mrithi wa Union Minière baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, hapo hapo Kolwezi, ikaporomoka. Na katikati ya mwongo ule hata tani 50,000 kwa mwaka hazikupatikana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655, ambao walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara, waliondoka kwa hiari, kama lilivyopambwa jambo hilo kwa maneno, wakapewa malipo ya mkupuo yaliyogharimiwa na Benki ya Dunia. Fundi wa umeme alitoka na cheti cha ufundi wake, akaweza kubisha hodi kwenye kampuni mpya zilizoingia baada ya sheria ya migodi ya mwaka 2002. Lakini yule ambaye jioni zake zote alizitumia kuwalea vijana wa kambi uwanjani, akajua kumtambua winga katika mtoto wa miaka kumi na kumtuliza kipa mwenye hofu, alitoka mikono mitupu, kwa kuwa ilimu yake ilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu, na kumbukumbu za watu hazigongwi muhuri. Hoja yangu katika sura hii imesimama hapo: anayetaka kula kwa michezo katika ukanda wa shaba leo hana budi kuwa na hati ambayo babu yake hakuihitaji, madhali lile lango la kampuni lililokuwa likimsitiri halipo tena.

Njia iliyo kongwe kupita zote, na kwa maoni yangu yenye heshima kupita zote, ni ualimu wa elimu ya viungo. Kijana wa Dilala humaliza miaka minane ya elimu ya msingi na minne ya sekondari iitwayo humanités, akaingia katika mtihani wa dola ambao Wakongo wote, hata wasiojua Kifaransa, huuita Examen d'État, na akipata asilimia 50 au zaidi hupewa diploma ya dola, ambayo ndiyo ufunguo wa elimu ya juu yote. Hapo ndipo mjadala wa nyumbani unapoanza, na nimepata kuusikia ukiwa mfupi kabisa. "Mutoto yangu, kucheza inalisha nani?" aliuliza baba mmoja. "Papa, siyo kucheza, ni kufundisha," akajibu kijana. Baba hakusema neno jingine, wala sidhani kwamba alisadiki.

Kijana huyo atasoma katika chuo kikuu cha ualimu, na kilicho mashuhuri ni kile cha taifa kilichoko Binza, Kinshasa, kilichoanza mwaka 1961 kama Institut Pédagogique National na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2005. Atakaa miaka mitatu kwa shahada ya kwanza na miwili kwa ya uzamili, kwa mfumo ambao Kongo imeufuata siku hizi kama wanavyoufuata Wazungu. Atasomeshwa muundo wa mwili, kazi za moyo na mapafu, makuzi ya mtoto, riadha, jimnastiki na michezo ya timu, na juu ya yote namna ya kufundisha. Hilo la mwisho ndilo linalodharauliwa na wengi, ilhali ndilo linalomtenga mwalimu na mchezaji.

Mtazame mwalimu aliyefuzu akiwa na darasa la wanafunzi sitini, mpira mmoja na kiwanja cha changarawe. Jana yake ameandika fiche yake ya maandalizi, na juu ya karatasi ameweka shabaha moja iliyo wazi: mwanafunzi aweze kumpokeza mwenziwe kijiti cha mbio bila ya kupunguza mwendo. Vijiti hana, amekata mabomba ya plastiki ya umeme. Koni hana, amejaza mchanga chupa tupu za maji, akazipanga mita 20 baina yake. Anawapasha mwili wote sitini kwa pamoja, kwanza vifundo vya miguu, kisha magoti, kisha nyonga; anawagawa safu kumi za watu sita; na katika dakika thelathini kila mmoja anakimbia mara nyingi, maana safu ni fupi na zamu huja haraka. Mwenye pumu amepewa kazi ya kupima wakati. Wasichana wamo, hawakuachwa pembeni kushika mabegi. Mwisho anawatembeza taratibu mpaka pumzi zirudi, anauliza maswali mawili, anaandika katika daftari la darasa, journal de classe, na saa yake imekwisha. Sasa mlinganishe na yule ambaye mkuu wa shule amempa somo hilo kwa sababu ratiba yake ilikuwa na nafasi: anawatupia mpira, wavulana ishirini wenye nguvu wanaukimbilia, arobaini waliobaki wanakaa juu ya ukuta, na bwana mwenyewe anakwenda kivulini na simu yake. Wote wawili wameandikwa kuwa wamefundisha elimu ya viungo. Hapa Kolwezi, mji ulioinuka kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, ambako wakati wa kiangazi vumbi la barabara za malori ya migodi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa, huyu aliyefuzu huongeza jambo jingine: hupigania katika ratiba saa za asubuhi, kabla vumbi halijaamka.

Ingekuwa khiyana kumficha msomaji upande wa pili. Mwalimu akiisha kuajiriwa na shule hapati mara moja nafasi katika orodha ya mishahara ya serikali. Atakuwa kwanza katika kundi la wale waitwao nouvelles unités, wanaofundisha kila siku bila ya namba na bila ya mshahara wa dola, wakiishi kwa michango ya wazazi. Kundi hilo limekuwa kubwa zaidi tangu shule za msingi za serikali zilipofanywa za bure mwaka 2019, na mtu aweza kukaa humo miaka. Ndiyo sababu walimu wengi wa fani hii huwa na kazi ya pili, na walio werevu huichagua ile inayotumia ujuzi ule ule: kufundisha klabu ya mtaa, kuongoza mazoezi ya wafanyakazi wa kampuni, au kupuliza firimbi Jumapili. Nchi jirani zimeyapanga mambo kwa namna nyingine. Tanzania, kwa mfano, ina Chuo cha Maendeleo ya Michezo huko Malya, wilayani Kwimba, ambacho kazi yake ni kuandaa watu wa michezo na si wengine. Kongo ina sheria ya tarehe 24 Desemba 2011 iliyoweka misingi ya kupanga na kukuza mazoezi ya mwili na michezo. Chuo cha namna ya Malya katika mikoa ya shaba kingekuwa tafsiri njema ya sheria hiyo.

Ukocha nao umewekewa ngazi. Shirikisho la Afrika, CAF, linatoa leseni za D, C, B, A na ile iliyo juu ya zote iitwayo Pro. Ya D humfaa anayelea watoto na timu za mtaa, na ya A ndiyo inayotakiwa kwa kocha mkuu katika mashindano ya vilabu vya bara. Sharti hilo halina mzaha, kwani zimepata kuonekana klabu kubwa za Afrika Mashariki zikimwandika msaidizi kuwa kocha mkuu kwa sababu bwana mkubwa wao, mwenye sifa na mshahara mnono, leseni yake haikutosha, akatazama mechi kutoka jukwaani. Kozi hizi hazipatikani kwa mtu kwenda na fedha yake dukani: shirikisho la taifa, ambalo hapa ni FECOFA, ndilo linaloziandaa, na mwombaji hupitia entente, yaani chama cha soka cha mji wake, na ligi ya mkoa wake. Kwa hiyo kocha wa Dilala asiyejulikana kwenye ofisi ya entente, hata akiwa na kipaji cha ajabu, jina lake halifiki Kinshasa. Na anayejulikana huko hupata nafasi hata akiwa hana kipaji chochote. Sina haja ya kulipamba jambo hilo.

Atasema mtu: mbona Brother Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 akiwa mwalimu wa jiografia kutoka Ireland, hajasomea riadha hata siku moja, naye ndiye aliyemlea David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 jijini London mwaka 2012? Ni kweli, na mfano huo hutajwa kila mahali panapozungumzwa habari za vyeti. Lakini waupendao mfano huo hawautazami vizuri. O'Connell alikuwa mwalimu aliyefuzu. Alikuwa na shule nyuma yake, St Patrick's, na nyumba, na miaka mingi ya kujaribu na kukosea bila ya kuogopa kulala njaa. Na kila mwaka shule ilimletea wavulana wapya wa nyanda za juu. Mwenye kipaji wa Kolwezi asiye na shahada hana hata kimojawapo cha hivyo.

Mifano ya karibu ni bora zaidi. Pamphile Mihayo alicheza Mazembe, kisha akaingia katika benchi, na mwaka 2017 akaiongoza klabu hiyo kutwaa Kombe la Shirikisho la Afrika. Robert Kidiaba, kipa aliyewachekesha walimwengu kwa kurukaruka kwa makalio mwaka 2010, wakati Mazembe ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, aligeuka mkufunzi wa makipa, na wapiga kura wakampeleka pia katika bunge la mkoa. Na timu ya wanawake ya Mazembe ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2024, aliyeifundisha alikuwa mwanamke, Lamia Boumehdi, mchezaji wa zamani wa Morocco, ambaye mwaka huo CAF ilimtangaza kuwa kocha bora katika soka la wanawake. Jina lake lilinifurahisha, kisha likanifikirisha, maana Lubumbashi ililazimika kumtafuta mwalimu wa binti zake upande wa pili wa bara. Binti wa Manika au Dilala atakayeirithi kazi ile mwaka 2040 yapasa awe yumo darasani hivi sasa, na leseni yake ya D apate kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano.

Kazi ninayoipenda kuliko zote kuitazama ni ya uamuzi, kwa sababu katika hiyo mtihani hauna siri. Sheria za mpira ni 17 na kila mtu anaweza kuzisoma. Mwili nao hupimwa hadharani kwa saa ya mkononi. Zamani waamuzi walipimwa kwa njia ya Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, yaani kukimbia dakika 12 mfululizo na kuhesabiwa umbali. FIFA iliiacha njia hiyo, kwa hoja kwamba hakuna mechi inayokimbiwa mfululizo. Leo mwamuzi wa kimataifa mwanamume hukimbia kwanza mita 40 mara sita, kila mara kwa sekunde 6 au pungufu, na baina ya mbio mbili ana kiasi cha dakika moja ya kurudi mwanzo. Hupumzika kidogo, kisha inakuja sehemu inayowaangusha watu: mita 75 kwa sekunde 15, halafu mita 25 za kutembea kwa sekunde 18, mara arobaini. Ukijumlisha ni mita 4,000, raundi kumi kamili za uwanja wa riadha, katika dakika 22. Raundi tatu za mwanzo watahiniwa huongea na kutaniana. Ya tano huwa kimya. Kuanzia ya saba utaona macho yote yameelekea kwenye koni ya mbele, na mtu anaingia katika eneo la kutembea mguu mmoja tu kabla ya firimbi kulia. Akichelewa, hupewa onyo, na akichelewa tena huambiwa atoke, hata kama jana yake alipata alama zote katika mtihani wa sheria.

Ngazi ya uamuzi huanzia katika entente ya mji, kwenye mechi za watoto ambako malipo ni nauli na soda, ikapanda ligi ya mkoa, ikapanda daraja la taifa, na asiyetimiza miaka 25 hawezi kuwa mwamuzi wa kati katika orodha ya FIFA. Jean-Jacques Ndala wa Kongo ameipanda yote, na leo mechi kubwa za bara zinakabidhiwa kwake. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa jirani yetu wa Rwanda, Salima Mukansanga, mzaliwa wa Rusizi, ng'ambo tu ya Bukavu. Alitaka kucheza mpira wa kikapu, akaangukia firimbi. Na huku akipanda madaraja alisomea uuguzi na ukunga mpaka akapata shahada. Januari 2022, nchini Kamerun, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha akiwa mwamuzi wa kati katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Mtu mwenye shahada ya ukunga mfukoni huweza kumwonyesha nahodha mwenye kelele kadi nyekundu kwa utulivu mkubwa, kwa kuwa mkate wake hautegemei kuitwa tena Jumapili ijayo. Na ningekuwa mshauri wa waamuzi vijana wa Lualaba, mkoa wetu huu, ningewaambia wote wawe na taaluma ya pili kabla ya kununua viatu vya pili.

Habari za madaktari wa michezo na wakandaji wa tiba sitazisema kwa kirefu, kwani njia yao ni ya tiba na haina mkato: ni vyuo vya tiba kwanza, michezo baadaye. Nitataja jambo moja tu ambalo kocha yeyote aweza kulifanya bila ya daktari. FIFA ilitunga mpango wa kupasha mwili uitwao 11+, wenye mazoezi 15 ya dakika 20, usiohitaji chombo ila mpira na koni, na majaribio yaliyofanywa yalionyesha kwamba timu zinazoufuata angalau mara mbili kwa juma hupunguza majeraha kwa kiasi cha theluthi. Katika viwanja vyetu vyenye mashimo na mawe, ambako goti likipinduka hakuna picha ya kulipiga wala fedha ya kulitibu, dakika 20 hizo zina thamani kuliko jezi mpya.

Ipo kazi nyingine ambayo hakuna kijana anayeiota, nayo huenda ndiyo yenye fedha kuliko zote zilizotajwa. Ni ya katibu wa klabu. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka shirikisho moja kwenda jingine, asilimia 5 ya bei yake itengwe kwa vilabu vilivyomlea tangu alipotimiza miaka 12 mpaka 23: robo ya asilimia kwa kila mwaka wa minne ya mwanzo, na nusu ya asilimia kwa kila mwaka uliofuata. Tufanye hesabu. Mtoto wa Dilala anachezea klabu ya mtaa wake kuanzia miaka 12 mpaka amalize ya 15, anachukuliwa na timu kubwa, na miaka sita baadaye anauzwa Ulaya kwa dola milioni moja. Klabu ile ya mtaa, isiyo na hata ofisi, ina haki ya dola 10,000. Akiuzwa tena akiwa na miaka 26 kwa milioni tano, ina haki ya dola 50,000 nyingine, kwa sababu haki hiyo humfuata katika kila uhamisho wa namna hiyo. Mbwana Samatta alipotoka Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na alipotoka Genk kwenda Aston Villa mwaka 2020, kanuni hiyo haikuitazama Lubumbashi peke yake. Iliitazama pia miaka yake ya Dar es Salaam, Simba na African Lyon kabla yake.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia katika ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, nayo haisikilizi ushahidi wa wazee wa mtaa. Inataka pasipoti ya mchezaji ya kielektroniki, ambayo hutokana na orodha za shirikisho la taifa, ambazo nazo hutokana na karatasi alizojaza katibu wa klabu mwanzoni mwa msimu: jina kama lilivyo katika cheti cha kuzaliwa, tarehe, picha, sahihi ya mzazi, siku ya kuandikishwa na siku ya kutoka. Kituo cha kulea vipaji kisichojiunga na entente hakimo katika hesabu. Klabu iliyomchezesha mtoto misimu mitatu bila ya kumwandikisha haimo. Klabu iliyompunguzia umri kwa hila imejiharibia yenyewe, maana tarehe mbili za mtoto mmoja huzaa kesi. Dola ngapi za ukanda wa shaba zimepotea kwa namna hii, kwa ukosefu wa mtu mmoja mwenye diploma ya ukarani, mwandiko mzuri na subira, wakati kila mwaka klabu hizo hizo zinapita na bakuli kwa wafanyabiashara kuomba mipira!

Na anayeona ukatibu ni kazi ya chini, mlango wa uwakala haujafungwa. Tangu mwaka 2023 FIFA imerudisha mtihani kwa mawakala wa wachezaji: maswali 20, muda wa saa moja, na asiyefikia asilimia 75 hapewi leseni. Kifaransa ni mojawapo ya lugha za mtihani huo, na kanuni zinazoulizwa zimewekwa wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Kolwezi hana kikwazo chochote katika hilo isipokuwa kwamba hakuna aliyemwambia.

Imebaki habari ya fedha za masomo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya thamani ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na kukubaliana na jamii hizo, katika hati iitwayo cahier des charges, juu ya kazi zitakazofanywa. Katika mkoa ambao shaba na kobalti yake hulisha viwanda vya ulimwengu, sehemu hiyo ndogo si fedha ndogo. Michezo huingia katika mazungumzo hayo kwa sura moja tu: jezi, mipira na ukuta wa uwanja, vitu vinavyopigwa picha vizuri siku ya kukabidhiwa. Wajumbe wa mitaa ya Dilala wangeweza kudai badala yake kozi moja ya leseni ya D kila mwaka, ifanyike Kolwezi na si Kinshasa, theluthi ya nafasi zake ziwe za wanawake. Ada ya wanafunzi wachache wa elimu ya viungo, kwa mkataba wa kurudi kufundisha katika shule za mji huu. Na kompyuta moja na karani mmoja katika ofisi ya entente, kazi yake iwe kuandikisha kila mtoto wa miaka 12 anayevaa jezi ya klabu.